Koili ya Sigara ya Kielektroniki: Yapasayo Kujulikana Kabla ya Kusokota Waya

Sigara nyingi za kielektroniki, ziwe za bei ya chini au za bei ya juu, hutegemea kipande kidogo cha waya kilichosokotwa mfano wa springi. Kipande hicho huitwa koili. Umeme wa betri unapopita ndani yake, waya hupata moto, na joto hilo hugeuza kimiminika kilicholowesha pamba kuwa mvuke ambao mtumiaji huuvuta. Vifaa vingi vinavyouzwa madukani huja na koili iliyotengenezwa kiwandani, ambayo hutupwa na kubadilishwa inapochakaa. Vipo hata hivyo vifaa ambavyo sehemu yake ya juu hufunguka, mtumiaji akaweza kusokota koili yake mwenyewe na kuikaza kwa skrubu.

Wanaofanya hivyo huwa na sababu mbili kuu. Ya kwanza ni gharama, kwa kuwa mita chache za waya na pamba kidogo huweza kutosha kwa miezi mingi. Ya pili ni kutafuta mvuke mzito zaidi. Sababu hii ya pili ndiyo inayotutia wasiwasi. Njia ya mkato ya kuongeza mvuke ni kupunguza ukinzani wa waya, na kadiri ukinzani unavyopungua ndivyo betri inavyolazimishwa kutoa umeme mwingi. Betri iliyolazimishwa kupita uwezo wake hupata joto kali, hutoa gesi, na huweza kulipuka mkononi au mdomoni. Nchini Marekani, mtu mmoja alifariki Florida mwaka 2018 na mwingine Texas mwaka 2019 baada ya vifaa walivyokuwa wakivitumia kulipuka.

Makala hii inaeleza jinsi koili inavyofanya kazi, hesabu ambazo mtumiaji anapaswa kuzifanya, na makosa ambayo hayana budi kuepukwa.

Msimamo wetu

Tuseme wazi tangu mwanzo: asiyevuta sigara hana sababu yoyote ya kiafya ya kuanza kutumia kifaa hiki. Nikotini hujenga uraibu upesi, huathiri ubongo wa kijana ambao bado unakua, na haifai kabisa kwa mama mjamzito. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia bidhaa za tumbaku mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na mzazi ana kila haki ya kumkemea muuzaji anayemuuzia mtoto sigara ya aina yoyote.

Mwongozo huu unamlenga mtu mzima ambaye tayari anakitumia kifaa hiki na ambaye anasokota, au anafikiria kusokota, koili yake. Kumnyima maelezo hakutamzuia kusokota; kutamwacha tu asokote gizani.

Hesabu isiyopaswa kurukwa

Ukinzani ni kiasi ambacho waya huzuia mkondo wa umeme usipite, na hupimwa kwa omu. Mkondo hupimwa kwa ampea, na msukumo wa betri hupimwa kwa volti. Kanuni inayounganisha vipimo hivi vitatu ni nyepesi: gawanya volti kwa omu, nawe utapata ampea. Ukizidisha volti kwa ampea, utapata wati, yaani nguvu ya joto inayozalishwa.

Betri ya lithiamu ioni inayotumika katika vifaa vingi vya namna hii huwa na volti 4.2 inapojaa. Tukiichukua betri hiyo na kuiunganisha moja kwa moja na koili, matokeo ni haya:

Koili ya omu 1 huvuta ampea 4.2 na kutoa wati 18 hivi.
Koili ya omu 0.5 huvuta ampea 8.4 na kutoa wati 35 hivi.
Koili ya omu 0.2 huvuta ampea 21 na kutoa wati 88 hivi.
Koili ya omu 0.1 huvuta ampea 42 na kutoa wati 176 hivi.

Sasa linganisha na uwezo wa betri. Betri ya silinda yenye ukubwa unaojulikana kama 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, huwa na kikomo cha ampea ambacho kiwanda huruhusu zitolewe mfululizo. Betri nzuri zinazokusudiwa kazi hii huwa na kikomo cha ampea 20 hadi 30. Nyingine nyingi, hasa zile zilizotengenezwa kwa ajili ya kompyuta au tochi, huwa na ampea 10 au pungufu. Kwa hiyo koili ya omu 0.2 tayari imekwisha kuvuka kikomo cha betri nyingi, na koili ya omu 0.1 inavuka kikomo cha zote tulizozitaja. Tofauti ya omu 0.1 huonekana ndogo machoni. Ndani ya betri ni maradufu ya mzigo.

Jambo jingine linalowapotosha wengi ni kufunga koili mbili kwa pamoja. Koili mbili za omu 1 zikifungwa sambamba kwenye skrubu zilezile hazitoi omu 2. Hutoa omu 0.5, kwa sababu umeme umepata njia mbili za kupita. Mkondo unaovutwa kutoka kwenye betri huongezeka mara mbili.

Kifaa chenye saketi na kifaa kisicho nayo

Vifaa vya aina hii vimegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza lina saketi ya ndani inayopima ukinzani wa koili, inayokataa kuwaka kukiwa na shoti, na inayokata umeme betri inapopata joto mno au inapokaribia kuisha. Kundi la pili ni bomba la chuma lenye kitufe tu: unapobonyeza, betri huunganishwa na koili moja kwa moja, na hakuna chochote kitakachokata umeme pakitokea hitilafu. Ushauri wetu ni kwamba mtumiaji wa kawaida asinunue kifaa cha kundi la pili, hata akihakikishiwa na muuzaji kuwa ndicho kinachopendwa na mafundi.

Mwenye kifaa cha kundi la kwanza naye anapaswa kufanya hesabu, ingawa hesabu yake ni tofauti. Saketi hujirekebisha ili kutoa wati alizozichagua, hivyo mzigo wa betri hutegemea wati hizo. Gawanya wati kwa volti 3.2, ambayo ni hali ya betri inapokaribia kuisha. Wati 60 zikitolewa na betri moja huhitaji karibu ampea 19. Wati 80 huhitaji ampea 25, na betri yenye kikomo cha ampea 20 haipaswi kubebeshwa mzigo huo.

Kuchagua waya

Waya wa koili haupaswi kuwa waya wowote tu unaopatikana. Aina tano ndizo hutumika zaidi, na kila moja ina tabia yake.

Kanthal ni aloi ya chuma, kromiamu na alumini iliyobuniwa nchini Sweden. Inapopata moto, hujifunika utando mwembamba wa oksidi ya alumini unaoilinda isiliwe na hewa. Ni imara, hubaki na umbo lake, na ukinzani wake haubadiliki sana kwa joto. Kwa anayeanza, huu ndio waya unaofaa.

Nikromu ni aloi ya nikeli na kromiamu. Ndiyo iliyotumika kwa miaka mingi katika pasi, majiko ya umeme na vifaa vya kukaushia nywele. Hupata moto upesi kuliko Kanthal, lakini mtu ambaye ngozi yake huwashwa na hereni au saa zenye nikeli anashauriwa kuiepuka.

Chuma cha pua, hasa daraja la 316L, kina ukinzani mdogo zaidi, na huweza kutumika katika vifaa vinavyodhibiti joto.

Nikeli tupu na titani hutumika katika vifaa vinavyodhibiti joto pekee. Vifaa hivyo hukadiria joto la koili kwa kupima jinsi ukinzani wake unavyopanda. Nyaya hizi mbili hazipaswi kamwe kupashwa moto hadi ziwe nyekundu. Titani ikizidi joto hufanya unga mweupe wa oksidi, na ikishika moto ni vigumu kuuzima.

Tofauti hizi zina matokeo ya moja kwa moja katika hesabu. Chukua waya wa Kanthal wenye unene wa milimita 0.4 na uzungushe mara 8 kwenye kifimbo cha chuma chenye kipenyo cha milimita 3. Utapata koili ya takriban omu 1. Fanya vivyo hivyo kwa nikromu yenye unene uleule, utapata kama omu 0.75. Kwa chuma cha pua utapata nusu omu hivi. Mizunguko ni ileile, umbo ni lilelile, na mzigo wa betri umeongezeka maradufu. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba kipimo cha mita ndicho cha kuaminiwa. Kuhesabu mizunguko hakutoshi.

Zipo nyaya ambazo hazifai kwa hali yoyote ile. Waya uliotolewa katika jiko la umeme lililoharibika, pasi kuukuu au kifaa cha nywele haujulikani unene wala aloi yake, na huwa umeshika uchafu wa miaka mingi. Waya uliopakwa zinki, kama ule wa kufungia ua, hutoa moshi wa zinki unapochomwa. Waya wa shaba una ukinzani mdogo kiasi kwamba ni sawa na kuitia betri shoti. Wala mtu asiunganishe waya uliokatika kwa kuulehemu, kwa sababu madini ya kulehemu huyeyuka kwa joto dogo kuliko la koili, na baadhi yake yana risasi.

Namna ya kusokota

Koili bora ni ile inayopata moto sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, inayobaki ndani ya uwezo wa betri, na ambayo pamba yake haikauki. Wingi wa mvuke ni jambo la baadaye.

Kwanza, toa betri kwenye kifaa. Zungusha waya kwenye kifimbo kwa mkono uliotulia, mizunguko yote ikigusana au yote ikiachana kwa nafasi sawa. Mizunguko ikigusana hapa na kuachana pale, sehemu moja itawaka kabla ya nyingine na kuunguza pamba.

Pili, ingiza miguu miwili ya waya kwenye matundu yake na ukaze skrubu kwa kiasi. Ukikaza mno waya utakatika, na ukilegeza ukinzani utakuwa ukipanda na kushuka. Kata ncha zilizobaki karibu kabisa na skrubu. Ncha iliyochomoza ikagusa ukuta wa tangi au kifuniko ndiyo chanzo cha shoti katika koili nyingi za nyumbani.

Tatu, pima. Tumia mita ya omu au kifaa chenye saketi kinachoonyesha ukinzani kabla ya kuwasha. Kipimo kikiwa sifuri, au kikichezacheza, usibonyeze kitufe. Legeza, angalia, funga upya. Rudia kipimo baada ya kuweka kifuniko.

Nne, kabla ya kutia pamba, rudisha betri na uwashe kwa wati chache, kwa mibonyezo mifupi ya sekunde moja. Koili inapaswa kuanza kung'aa kwa wekundu hafifu kutoka katikati kuelekea pembeni. Ukiona sehemu moja imetangulia kung'aa, acha ipoe, kisha ibane taratibu kwa kibano cha kauri. Kibano cha chuma kisitumike koili ikiwa inawaka. Hatua hii haihusu nikeli wala titani.

Pamba na ladha ya kuungua

Pamba iwe safi, isiyotiwa dawa wala manukato. Ipitishe ndani ya koili kwa kiasi ambacho unapoivuta huhisi ukinzani kidogo bila kuusogeza waya. Pamba iliyoshindiliwa hainyonyi kimiminika kwa kasi ya kutosha, nayo pamba chache mno huvuja. Iloweshe vizuri kabla ya kuwasha, na usubiri dakika chache.

Sababu ya uangalifu huu ni ya kikemia. Kimiminika kinachotumika huwa na propilini glaikoli na gliserini. Vitu hivi vikipashwa joto kupita kiasi, kama inavyotokea pamba inapokauka, huvunjika na kufanya formaldihaidi na akrolini. Formaldihaidi ni miongoni mwa kemikali zinazojulikana kusababisha saratani, na akrolini huwasha na kudhuru njia ya hewa. Ladha kali ya kuungua ni onyo la mwili wako. Isikie mara moja, usimame, ubadilishe pamba. Anayevumilia ladha hiyo ili asipoteze kimiminika kilichobaki anaokoa shilingi chache kwa gharama ya mapafu yake.

Aidha, mafuta ya aina yoyote yasiwekwe kwenye kifaa hiki: si mafuta ya nazi, si mafuta ya kunukia, si mafuta ya bangi. Mwaka 2019 Marekani ilikumbwa na ugonjwa wa mapafu uliowalaza hospitalini watu zaidi ya 2,800. Kufikia Februari 2020 watu 68 walikuwa wamefariki. Uchunguzi ulihusisha ugonjwa huo kwa kiasi kikubwa na asetati ya vitamini E, kitu cha mafuta kilichochanganywa katika bidhaa za bangi za kuvuta.

Metali ndani ya mvuke

Watumiaji wengi hudhani kuwa koili huacha joto tu nyuma yake. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha matokeo ya kupima vifaa 56 vya watumiaji wa kila siku. Walikuta katika mvuke metali zikiwemo risasi, nikeli, kromiamu na manganizi, na viwango vilikuwa vya juu zaidi kuliko katika kimiminika kabla hakijagusa koili. Maana yake ni kwamba sehemu ya metali hizo hutoka kwenye koili na viungo vyake.

Kusokota kwa ustadi hakuondoi hatari hii. Waya unaojulikana asili yake, joto la wastani, kutolehemu, na kubadilisha koili inapopauka, inapopinda au inapojaa masizi magumu yasiyotoka, ni hatua za kupunguza tu. Njia ya pekee ya kuepuka metali hizi ni kutovuta.

Betri: mahali pa kutofanya uchumi

Betri bandia ni nyingi sokoni. Ishara mojawapo ni maandishi yasiyowezekana. Betri za 18650 za watengenezaji wanaoaminika kwa kawaida huwa na ujazo wa milliampea-saa 1,500 hadi 3,600. Ile iliyoandikwa 9,900 inasema uongo juu ya ujazo, na hakuna sababu ya kuiamini juu ya usalama. Ishara nyingine ni uzito: betri halisi huwa na gramu 45 hivi, na iliyo nyepesi mno ni ya kutiliwa shaka.

Tazama pia ganda la plastiki lililoizunguka. Chuma chote cha pembeni ni ncha hasi, kwa hiyo ganda likichanika, betri inaweza kuingia shoti kwa kugusa ukuta wa kifaa. Usibebe betri mfukoni pamoja na funguo au sarafu. Iweke katika kikasha chake. Usiichaji ukiwa umelala, wala juu ya godoro au karibu na pazia. Kifaa kikianza kupata joto bila kubonyezwa, au kutoa mlio wa gesi, kitupe mbali na watu na vitu vinavyoshika moto, uondoke. Usikiweke mfukoni kwa matumaini kwamba kitapoa. Betri iliyokwisha kazi isitupwe kwenye moto wala pamoja na taka za jikoni.

Kimiminika chenye nikotini nacho ni sumu kwa mtoto anayekinywa, hata kwa kiasi kidogo. Kifungiwe juu, mbali na dawa na vinywaji. Kikimwagika kwenye ngozi, nawa kwa maji mengi na sabuni. Mtoto akikinywa, mpeleke hospitalini bila kungoja dalili, ukiwa na chupa yake.

Unaponunua na unaposafiri

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili, haki ya kupewa maelezo yanayomwezesha kufaidika nazo, na haki ya kulindiwa afya na usalama wake. Itumie haki hiyo dukani. Uliza waya ni wa aloi gani na una unene gani. Uliza kikomo cha ampea cha betri. Kwa koili iliyo tayari, uliza omu na wati zake, ambazo huandikwa ubavuni mwake. Muuzaji asiyeweza kujibu maswali haya hafai kukusokotea koili. Dai stakabadhi na uitunze, kwa maana malalamiko yasiyo na stakabadhi ni magumu kufuatilia. Kifaa kikiharibika, usikitupe. Kihifadhi mahali salama, kipige picha, na uwasilishe malalamiko.

Anayevuka mpaka Busia au Malaba akumbuke kuwa sheria za jirani si zetu. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Uganda ya mwaka 2015 imepiga marufuku uingizaji na uuzaji wa sigara za kielektroniki. Katika safari za ndege, kifaa na betri zake za akiba hubebwa katika mkoba wa mkononi. Haviruhusiwi katika mizigo inayowekwa chini.

Kwa kufupisha, kabla ya kubonyeza kitufe jiulize mambo matano: je, nimepima omu kwa mita? Je, ampea ziko chini ya kikomo cha betri? Je, ganda la betri ni zima? Je, ncha za waya zimekatwa? Je, pamba imelowa? Jibu lolote likiwa la kutia shaka, toa betri kwanza, kisha tafuta jibu.